Tope Lililoamshwa

Katika majira ya joto ya mwaka 1858 mji wa London, uliokuwa na watu zaidi ya milioni mbili, ulishikwa na uvundo usio na mfano. Vyoo na viwanda vilimwaga uchafu wao katika mto Thames, na jua lilipozidi ukali mto ukanuka hata wajumbe wa Bunge, lililojengwa ukingoni mwa mto huo huo, wakashindwa kukaa. Mapazia yalichovywa katika dawa ya chokaa ili kuzuia harufu, lakini wapi! Uchafu uliowaletea maskini kipindupindu kwa miaka mingi sasa ulikuwa umebisha hodi kwa wakubwa. Kwa muda wa siku 18 tu sheria ikatungwa na kupitishwa.

Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mifereji mikubwa ya matofali chini ya ardhi, ikachukua maji machafu na kuyamwaga mtoni upande wa mashariki, mbali na mji. Ilikuwa kazi ya sifa, nayo iliokoa maisha ya watu wengi. Lakini tukitazama vizuri tutaona kwamba uchafu haukuondolewa, ulihamishwa tu. Tarehe 3 Septemba 1878 meli iitwayo Princess Alice iligongwa ikazama karibu na mahali pale palipomwagwa uchafu, na watu zaidi ya 600 wakafa katika maji yale mabaya. Kumtoa nyoka chumbani mwako na kumtia kwa jirani si kumwua.

Basi uchafu ungeondolewaje? Wengi walidhani kwamba njia ni kutia dawa kali ili kuua kila kitu kilicho hai ndani ya maji. Lakini Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba uchachu na uozo ni kazi ya vijidudu visivyoonekana ila kwa hadubini. Mwaka 1887 mkemia wa London, William Dibdin, alitoa shauri lililowashangaza watu: vijidudu visiuawe, bali vitunzwe, kwa kuwa ndivyo vinavyokula uchafu. Mwaka huo huo, katika mji wa Lawrence huko Massachusetts, Marekani, kituo cha majaribio kilianza kupitisha maji machafu polepole katika mchanga na changarawe. Maji yalitoka safi, si kwa kuchujwa tu, bali kwa sababu vijidudu vilivyojishika katika changarawe vilikuwa vimekula uchafu. Ila njia hii ilitaka uwanja mkubwa na subira nyingi, na miji ilikuwa ikikua upesi.

Mwaka 1912 Gilbert Fowler wa Manchester alizuru Lawrence, akaona maji machafu yakipulizwa hewa ndani ya chupa. Aliporudi Uingereza aliwaeleza wakemia wawili, Edward Ardern na William Lockett, nao wakaanza kufanya majaribio. Walijaza chupa maji machafu wakayapuliza hewa, na baada ya majuma kama matano maji yakasafika kabisa. Majuma matano! Ni mji gani ungeweza kungoja muda huo? Lakini hapo ndipo walipofanya jambo dogo lenye matokeo makubwa. Walimwaga maji safi, wakaliacha lile tope lililotuama chini ya chupa, kisha wakaongeza maji machafu mengine na kupuliza tena. Kila waliporudia, tope liliongezeka na muda ukapungua, mpaka maji yakawa yakisafika kwa siku moja au chini ya hapo. Tarehe 3 Aprili 1914 waliwasomea wakemia wenzao habari hiyo. Tope lile wakaliita tope lililoamshwa.

Siri yake ilikuwa nini? Tope lile lilikuwa ni mamilioni na mamilioni ya vijidudu vilivyo hai. Kila kimoja hula kidogo sana, lakini haba na haba hujaza kibaba. Aliyelitupa tope alikuwa akiwafukuza wafanyakazi wake kila jioni na kuanza kutafuta wengine asubuhi. Ardern na Lockett waliwaweka kazini na kuwapa hewa. Leo njia yao hutumiwa katika miji mingi duniani.

Huku kwetu Kenya pia vijidudu vina kazi. Katika mabwawa makubwa ya Ruai, mashariki ya Nairobi, mwani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua, na bakteria huitumia katika kula uchafu wa mji. Mitambo ni mbalimbali, lakini wafanyakazi ni wale wale.

Hata hivyo vijidudu si wachawi. Kiwanda kikimwaga sumu katika mifereji, vitakufa, na maji yatapita vile vile yalivyokuja. Vikinyimwa hewa, uvundo utarudi. Watu wa London walihangaika miaka mingi wakitafuta namna ya kuukimbia uchafu wao, na kumbe mwenye kuusafisha alikuwa ndani yake, akingoja kupewa hewa na muda. Aonapo tope chini ya maji, mwenye elimu hulichunguza kwanza kabla ya kulitupa.