Asili ya Ngeli katika Lugha za Kompyuta

Wengi hudhani kwamba dhana za ngeli na kitu katika uandishi wa programu zilitokana na mahitaji ya mashine. Historia yaonyesha vingine: zilitokana na haja ya kueleza shughuli za watu.

Katika Kituo cha Hesabu cha Norwei, mjini Oslo, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl waliunda lugha ya Simula katika miaka ya 1960 ili kuiga foleni na kazi za viwandani. Mfano mmoja uliwasumbua: kituo cha ushuru darajani. Malori na mabasi husimama katika foleni moja, ilhali kila aina ina sifa zake. Je, yaliyo ya wote yaandikwe mara mbili?

Jibu lilipatikana mwaka 1967. Ngeli «gari» huandikwa mara moja. Kisha jina lake hutangulizwa mbele ya «lori» au «basi», ambazo hurithi sifa zake na kuongeza zao. Wenyewe waliuita utaratibu huo kutia kiambishi awali. Ngeli ni maelezo tu. Kila gari lililo katika foleni ndilo kitu, lenye mzigo wake.

Kwa hiyo twapendelea «ngeli» kuliko «darasa». Darasa hukusanya waliopo. Ngeli hutangulia na kutawala umbo. Hata hivyo ulinganifu huo una mpaka: ngeli zetu hupanga maneno, zao huzaa vitu.