Mbweni, Masasi na Kupunga Upepo

Mwenye Kiswahili hupunga upepo, na pia hupunga pepo. La kwanza hufanywa jioni, joto likipungua, mtu akaketi barazani au akashuka pwani bila ya haja yoyote ila kupokea hewa ya bahari. La pili hufanywa kwa ngoma na ubani, mgonjwa akiwa katikati, hadi kilichompanda kimtoke. Masikio ya mgeni hayatofautishi mambo hayo upesi, na mwenyeji mwenyewe hutegemea silabi moja tu. Pwani ya Mbweni, kilomita chache kusini ya mji wa Unguja, imepata watu wa kupunga upepo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Imepata pia watu waliofika na jambo zito la kuwatoka.

Tangu miaka ya 1990 fukwe za Unguja zimejaa hoteli za kitalii. Mbweni nako ilijengwa hoteli ya ufukweni, na mahali palipochaguliwa ni kando ya magofu ya shule ya zamani ya wasichana: kuta za mawe zisizo na paa, matao, mizizi iliyopenya katika chokaa. Mgeni aliyekuja kujipumzisha alikuwa na bahari mbele yake na magofu nyuma yake. Wengi hudhani magofu yote ya Unguja ni ya majumba ya masultani, na hapo si ajabu wakakosea, maana jumba la sultani halikuwa mbali. Lakini hayo ya Mbweni yanasimulia habari nyingine, na kuifuata habari hiyo hadi mwisho wake hapana budi kuvuka bahari hadi Lindi, kisha kupanda bara kwa miguu hadi Masasi, na kutoka hapo hadi Newala, ukingoni mwa nyanda za juu za Wamakonde.

Kwanza lazima iondolewe dhana ya kuwa pwani hii ilisifiwa siku zote kwa afya yake. Wazungu wa katikati ya karne ya 19 waliiogopa. David Livingstone alipokuwa Unguja mwaka 1866 aliukejeli mji kwa uvundo wa ufuko wake, ambako taka zote zilitupwa, akalichezea jina la Zanzibar ili lisikike kama neno la Kiingereza la kunuka. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu kwa maelfu. Mwezi wa Aprili 1872 ikaja tufani iliyovunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu na minazi. Kwa mmisionari aliyeshuka melini siku hizo, hewa ya Unguja ilikuwa hewa ya homa, na siha aliitarajia huko juu bara, penye milima na baridi.

Wenyeji walikuwa na maarifa yao. Walijua kuwa mji ni kitu kimoja na pwani ni kitu kingine, na kwamba hatua chache nje ya mji upepo hubadilika. Seyyid Said alikuwa na jumba lake la Mtoni, kaskazini ya mji, ambako binti yake Salme alizaliwa. Seyyid Barghash alijenga Chukwani, kusini, jumba la kujiuguzia, kwa kuwa hewa ya huko ilisifiwa kuliko ya mahali pengine popote karibu na mji. Kati ya Chukwani na mji ndipo ilipo Mbweni, na hapo Dakta John Kirk, balozi wa Uingereza, alijiwekea nyumba ya kupumzikia na bustani ya mimea ya kila aina. Basi katika miaka ya 1870 kipande hicho cha pwani kilikuwa kimekwisha kuwa kile ambacho matangazo ya utalii hukiita leo kituo cha mapumziko, isipokuwa wateja wake walikuwa wawili watatu.

Jirani yao mwingine alikuwa shamba la misheni. Misheni ya Vyuo Vikuu katika Afrika ya Kati, UMCA, ilikuwa imehamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, baada ya kushindwa na kufiwa huko bonde la Shire. Mwaka huohuo Seyyid Majid alimpa Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na kila jahazi lilileta watu ambao hawakuwa na kwao kisiwani. Wavulana wakapelekwa Kiungani. Kwa ajili ya watu wazima na wasichana ikanunuliwa Mbweni, mwaka 1871. Hapo palijengwa vibanda, watu wakagawiwa viwanja vya kulima, na shule ya wasichana ikasimama. Kuanzia 1877 ikashikwa na Bi. Caroline Thackeray, aliyeiongoza kwa miaka ipatayo 25.

Hao watu wa Mbweni walitoka wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa ziwa Nyasa. Njia iliyowaleta ilipita kusini ya Tanzania ya leo hadi Kilwa Kivinje, na kutoka Kilwa hadi forodha ya Unguja. Yaani waliiona bahari kwa mara ya kwanza wakiwa wamefungwa. Ufuko kwao ulikuwa mahali pa kuhesabiwa na kutozwa ushuru. Wakati Barghash akivuta hewa Chukwani na Kirk akinyeshea miche yake, watu hao walilima muhogo mita chache kutoka kwenye maji yaleyale, chini ya kanuni za misheni, wakiwa huru kwa hati lakini bado katika kisiwa ambacho hawakukichagua. Hakuna sababu ya kuwafikiria kuwa walikuwa na furaha kwa kuwa upepo ulikuwa mzuri.

Askofu Edward Steere alilielewa hilo. Steere anajulikana kwa wapenzi wa lugha kama mtu wa kamusi na sarufi, na kama mkusanyaji wa hadithi za Unguja zilizochapwa mwaka 1870. Huenda jambo alilolifanya mwaka 1876 lina uzito zaidi. Soko la watumwa lilikuwa limefungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Steere akaona wakati umefika wa kuwarejesha baadhi ya watu wa Mbweni bara. Mwishoni mwa mwaka huo akaondoka na kundi la wake kwa waume waliokubali kwenda, akavuka nao hadi Lindi, kisha wakatembea zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi, kwa njia ambayo baadhi yao, yamkini, waliwahi kuipita utotoni wakielekea upande wa pili.

Nia ilikuwa kufika mbali zaidi, karibu na nchi ya Nyasa. Lakini walipofika Masasi, penye vilima vya mawe makubwa vinavyosimama peke yake katika uwanda, wakakuta udongo mzuri na maji ya kudumu, na watu wakasema hapa panatosha. Ni mara chache katika historia ya utumwa wa Afrika Mashariki kundi la watu walioachwa huru kupewa nafasi ya kusema neno hilo na likasikilizwa. Steere aliwapimia mahali pa nyumba, akamwacha kijana William Percival Johnson awaangalie, naye akarudi kisiwani.

Msomaji wa Uhuru wa Watumwa, kitabu cha James Mbotela cha mwaka 1934, ataikumbuka Freretown ya Mombasa. Masasi haitajwi mara nyingi pamoja nayo, na hiyo ni kasoro, maana Freretown ilibaki pwani ilhali Masasi ilikuwa ni kurudi. Na waliorudi hawakurudi kama walivyoondoka. Walivaa kanzu na kanga, walikuwa na majina ya ubatizo, na walizungumza Kiswahili cha Unguja. Kiswahili kilikwisha kufika huko kwa njia ya biashara. Sasa kilifika kama lugha ya nyumbani, ya shule na ya sala, kikibebwa na watu waliolazimishwa kujifunza na ambao, walipopata hiari yao, hawakukitupa.

Utulivu wao haukudumu. Septemba 1882 Magwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, waliivamia Masasi. Baadhi ya wakazi waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mtu aliyetekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa baharini, akalima Mbweni na kutembea kutoka Lindi, sasa alifungwa kwa mara ya pili mlangoni mwa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wiki chache kabla ya hapo Steere alikuwa amefariki Unguja.

Chauncy Maples, aliyekuwa ameshika uongozi Masasi, aliwachukua waliosalia na kuhamia Newala, karibu na mfalme wa Kiyao aliyeitwa Matola. Newala ipo juu, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo nyanda hukatika ghafla na kuporomoka kuelekea bonde la Ruvuma. Nyanda zenyewe zilifunikwa na vichaka vilivyofungamana. Livingstone alipotokea Mikindani mwaka 1866 aliajiri Wamakonde wa kumfyekea njia kwa mashoka na miundu ili ngamia wake wapite. Vichaka hivyo vilikuwa ngome. Mtekaji alisita kuingia humo, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya watu kukaa juu badala ya mabondeni.

Bei ya usalama huo ilikuwa maji. Ardhi ya nyanda ni ya mchanga. Mvua ikinyesha huzama, na juu hakuna mto wala kijito. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 kuchunguza mila za watu wa huko, alistaajabia jambo hilo, na kila mgeni kabla na baada yake alistaajabu vilevile. Wanawake waliteremka gengeni alfajiri hadi kwenye chemchemi za bondeni, wakasubiri zamu, kisha wakapanda mwinuko wote na mtungi kichwani. Saa nyingi za siku ziliishia hapo. Wajerumani walipotawala na uvamizi ukakoma, watu wangeweza kushuka, wengi hawakushuka. Hadi miaka ya 1950, mradi wa maji wa nyanda za Makonde ulipoanza kuyasukuma maji kwa mashine kutoka mabondeni, mtungi ndio uliokuwa kipimo cha siku ya mwanamke wa Newala.

Kati ya waliozijua pwani zote mbili, ya kisiwa na ya bara, na nyanda hizi pia, ni Cecil Majaliwa na mkewe Lucy Magombeani. Majaliwa alikuwa Myao aliyefikishwa Unguja mtoto, akalelewa na misheni, akasoma Kiungani na kisha Canterbury, Uingereza. Lucy alisomea Mbweni, ndani ya kuta zilezile zilizo magofu leo. Mwaka 1886 Majaliwa alipelekwa Chitangali, kati ya Masasi na Newala, na mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Kwa miaka mingi alifanya kazi bila Mzungu karibu naye, na kazi ikastawi. Mwaka 1897 familia ikarudi Unguja. Wanahistoria wameandika mengi kuhusu kurudi kwa padri huyu na machache kuhusu Lucy; lakini msichana aliyekulia Mbweni, na visima vya kisiwa, kisha akaishi zaidi ya miaka kumi katika nchi ya kuhesabu maji, hahitaji kutetewa sana ikiwa aliikumbuka pwani. Kwake yeye, tofauti na wazee wa 1876, Mbweni ilikuwa nyumbani.

Masasi nayo ilikwisha kupata watu tena, na kituo kikajengwa upya. Agosti 1905 kikachomwa moto katika vita vya Maji Maji, na wamisionari wakakimbilia Lindi, kwenye ile pwani ambayo zamani waliikimbia kwa ajili ya homa. Mwaka uliofuata wakarudi, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi yenyewe, ikatengwa na Zanzibar. Uzi wa utawala ukakatika baada ya miaka 50. Uzi wa watu haukukatika: ukoo fulani wa Masasi ukiulizwa asili yake, hutaja Unguja kabla ya kutaja bara.

Newala wana mahali wanapopaita Shimo la Mungu, pale nyanda zinapokatika. Chini huonekana bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Baridi ya asubuhi huko huwa na ukungu mzito, lakini jioni hewa husafika na upepo hupanda kutoka bondeni. Miteremko ya namna hiyo ndiyo iliyopandwa kwa mitungi kwa vizazi kadhaa. Siku hizi watu wa mji na wageni wao hufika hapo jua likielekea kuzama, wakakaa ukingoni, wakapunga upepo.