Filamu za zamani na watoto wao: maoni yangu bila kumung'unya maneno

Leo naileta ile mada inayotugombanisha kila siku vijiweni: je, filamu za zamani zina maana yoyote kwa kijana wa sasa? Wengi watakwambia hazina. Picha nyeusi na nyeupe, hakuna mlipuko, hakuna gari linaloruka, watu wanaongea tu. Na ukizitaja filamu za kwetu Bongo, haohao watakwambia zile ni za kukopi.

Mie nimemaliza kidato cha nne, sijasomea filamu chuo chochote, ila naangalia filamu kuliko ninavyolala. Msimamo wangu ni huu: filamu nyingi mnazozishangilia ni watoto wa filamu za zamani. Kukopi peke yake siyo dhambi. Dhambi ni kuchukua bila kulipa, au kuchukua bila kuongeza kitu. Hapa chini nimewapanga wazazi na watoto wao, uzitafute mwenyewe ili ukibisha uwe umeona.

1. Seven Samurai (1954)

Ni ya Mjapani Akira Kurosawa. Wakulima wanajua majambazi watarudi kuchukua mavuno yao, wanaenda kutafuta wapiganaji wa kuwalinda. Malipo waliyonayo ni chakula tu. Inakaribia saa tatu na nusu, lakini ukifika kwenye ile vita ya mwisho kwenye mvua na matope, unakuwa unamjua kila mtu anayeanguka.

Watoto wake: Wamarekani waliigeuza ikawa ya makauboi, The Magnificent Seven (1960), wakairudia tena 2016 akiwemo Denzel Washington. Wahindi nao waliinywea humohumo wakatoa Sholay (1975) ya Ramesh Sippy, ile ya Amitabh Bachchan, Dharmendra na jambazi Gabbar Singh.

Maoni yangu: Sholay ndiye mtoto bora. Wapiganaji saba wamekuwa wezi wawili, na anayewaajiri ana kisasi chake moyoni. Wameongeza urafiki, nyimbo, na adui ambaye unamkumbuka kuliko hata steringi. Ile ya 2016 ina risasi nyingi, ila ukimwondoa yule mwanamke aliyeenda kuwatafuta, wanakijiji wengine huwakumbuki. Sasa wanapigania nini?

2. Yojimbo (1961)

Kurosawa tena. Mpiganaji asiye na bwana anaingia kwenye mji wenye magenge mawili, anayagonganisha yamalizane yenyewe. Mtoto wake ni A Fistful of Dollars (1964) ya Mwitaliano Sergio Leone, iliyompa jina Clint Eastwood.

Hapa ndipo somo lilipo. Leone aliongeza mengi: nyuso zinazojaa skrini nzima, ukimya mrefu, muziki wa Ennio Morricone. Lakini ruhusa hakuwa nayo. Wajapani wakadai haki yao, na kesi ikaisha kwa makubaliano: wakapewa asilimia 15 ya mapato. Kwa hiyo hata ukiwa na kipaji kama cha Leone, hadithi ya mtu ni mali ya mtu.

3. Psycho (1960)

Alfred Hitchcock alikuwa ameshatengeneza filamu za rangi kabla ya hii, kwa hiyo nyeusi na nyeupe aliichagua mwenyewe. Kwenye lile tukio la bafuni, kisu kinavyoingia mwilini ni kama hukioni. Unasikia vinanda vinapiga kelele, akili yako inamalizia yenyewe. Damu yenyewe ni sharubati ya chokoleti!

Mwaka 1998 Gus Van Sant aliirudia karibu picha kwa picha, safari hii kwa rangi. Hakuiba, ilikuwa kazi halali kabisa. Ila ni kama kunakili daftari la mwenzako kwa kalamu nzuri zaidi. Nimeiangalia mpaka mwisho nikajiuliza, hivi mpya ni nini hapa?

4. Infernal Affairs (2002)

Hii siyo ya zamani sana, lakini wengi wanamjua mtoto tu. Ni ya Hong Kong: polisi amejipenyeza kwenye genge, na genge nalo limepenyeza mtu polisi. Kila mmoja anamtafuta mwenzake bila kumjua. Martin Scorsese aliirudia kwa jina la The Departed (2006), haki zikanunuliwa, hadithi ikahamishiwa Boston kwa Wamarekani wenye asili ya Ireland. Ikapata Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora. Moja ilikuwa ya mwandishi wa mswada unaotokana na kazi nyingine. Umeona? Walisema wazi walikochota, na bado wakapewa heshima.

Mie bado naipenda zaidi ya Hong Kong. Ni fupi kwa karibu dakika 50, na ile sehemu ya kwenye paa la ghorofa haina mpinzani.

5. 12 Angry Men (1957)

Hii nawapa kwa makusudi nyie mnaotengeneza filamu. Raia 12 wamefungiwa chumbani, joto kali, waamue kama kijana aliyeshtakiwa kumuua baba yake auawe kwa umeme wa kiti cha mauti au aachiwe. Kumi na moja wanasema ana hatia, mmoja anasema jamani tuongee kwanza. Dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja. Mwongozaji Sidney Lumet alikuwa anaishusha kamera na kubadilisha lenzi taratibu, mpaka unahisi kuta zinasogea. Wahindi waliirudia 1986 kwa jina la Ek Ruka Hua Faisla.

Filamu zetu zinachekwa kwamba ni sebule tu, kochi na kapeti. Mie nasema sebule haina kosa. Lumet alikuwa na meza na viti. Tunachokosa ni mswada ambao mtu akiusikiliza hawezi kunyanyuka kwenda kununua soda.

Na kwetu je?

Uwezo tunao. Tafuta Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji. Imetokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, jina la kitabu limeachwa vilevile, na Zanzibar ya miaka ya 1950 unaiona kwa macho. Ilionyeshwa mpaka tamasha la Toronto. Huko ndiko kuchota kwa heshima: kisima chetu wenyewe, na mwenye kisima katajwa.

Kwa hiyo kijana mwenye simu ya kurekodi na wenzake watatu wa kuigiza, usiogope kuangalia za zamani ukajifunza. Ila kabla hujaanza jiulize maswali mawili: hadithi hii ni ya nani, na mimi naongeza nini? Ukikosa jibu la moja kati ya hayo, rudi kaandike upya.

Haya, anayebisha kuhusu Sholay aseme, nipo.