Mponyaji na Kichimbakazi Wake: Historia Fupi ya Kazi ya Scholar katika Mchezo wa Final Fantasy XIV, 2013–2024

Utangulizi

Michezo ya kompyuta inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti imekuwapo kwa zaidi ya miaka 25, lakini ni nadra kuikuta miongoni mwa mada za historia. Wapo wanaodai kwamba mchezo ni starehe, na starehe haina historia. Insha hii inalipinga dai hilo kwa kuchunguza jambo moja: jinsi wachezaji walivyojifunza kuwa waponyaji wanaofanya kazi pamoja na kiumbe msaidizi. Mfano wetu ni kazi iitwayo Scholar, yaani msomi, katika mchezo wa Kijapani wa Final Fantasy XIV. Hoja ya insha ni kwamba kati ya mwaka 2013 na 2024 kazi hiyo ilirahisishwa hatua kwa hatua. Wengi walinufaika na urahisi huo. Hata hivyo, aina moja ya ujuzi ilitoweka, na imetoweka kwa namna ambayo hata mwenye nia hawezi kuufanya tena.

Usuli

Mponyaji si mgeni katika michezo ya aina hii. Mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, miongoni mwa wahusika wake alikuwamo kasisi mwenye uwezo wa kuponya wenzake. Michezo ya kompyuta iliurithi mgawanyo huo wa kazi. Katika EverQuest, uliotolewa mwaka 1999, mgawanyo uliimarika: mmoja hubeba mapigo ya adui, mwingine hushambulia, na mwingine huponya. Viumbe wasaidizi walikuwapo humo pia, lakini kwa kawaida kazi yao ilikuwa kupigana. Aliyemiliki kiumbe mara nyingi alikuwa mshambuliaji. Aliyeponya aliponya kwa mkono wake mwenyewe.

Mpaka huo ulianza kufifia katika Final Fantasy XI, uliotolewa Japani mwaka 2002. Humo kulikuwa na mhusika mwenye kuita viumbe wa ajabu, na mmoja wa viumbe hao, Carbuncle, aliweza kuponya. Mchezo uliruhusu pia kila mhusika kuwa na kazi ya pili ya kusaidia ile ya kwanza. Kwa sababu waponyaji walikuwa wakitafutwa sana, vikundi vingi viliwataka waita viumbe wachukue uponyaji kuwa kazi yao ya pili, hata kama wao walipenda kupigana. Kwa hiyo muungano wa kiumbe na uponyaji ulitokana kwa kiasi kikubwa na mahitaji ya wachezaji wenyewe kabla ya kuwa mpango kamili wa watunzi.

Kuzaliwa kwa Scholar

Final Fantasy XIV ulitolewa mara ya kwanza Septemba 2010 na ukashindwa vibaya. Kampuni ya Square Enix ilimkabidhi Naoki Yoshida jukumu la kuusuka upya, seva za toleo la kwanza zikafungwa Novemba 2012, na toleo jipya likatoka Agosti 2013. Ni katika toleo hilo jipya Scholar alipoonekana kwa mara ya kwanza, akiwa mmoja wa waponyaji wawili tu waliokuwapo. Mwenzake, White Mage, aliponya majeraha yaliyokwisha kutokea. Scholar alisifika kwa kuweka kinga kabla pigo halijafika. Waswahili husema kinga ni bora kuliko tiba, na kazi hii ilijengwa juu ya wazo hilo hilo.

Pamoja naye alikuwapo kichimbakazi, kiumbe mdogo mwenye mabawa anayeelea hewani. Vichimbakazi walikuwa wawili, na mchezaji alimchagua mmoja: Eos, aliyeegemea zaidi uponyaji, au Selene, aliyewaongezea wenzake uwezo mwingine. Kichimbakazi aliwaponya majeruhi bila kusubiri amri kila mara. Alikuwa na uhai wake, aliweza kupigwa, na aliweza kuuawa katikati ya vita. Kumwita tena kulichukua sekunde kadhaa, na katika sekunde hizo kikundi kizima kingeweza kuangamia.

Kujifunza kazi

Ugumu wa kwanza wa mwanafunzi ulitokana na muundo wa mchezo wenyewe. Scholar na Summoner, ambaye ni mshambuliaji, walichipuka kutoka kazi moja ya awali iitwayo Arcanist, na mpaka leo wanatumia ngazi zile zile. Aliyepanda hadi ngazi ya 50 akiwa mshambuliaji alijikuta pia ni mponyaji wa ngazi ya 50, hata kama hakuwahi kumponya mtu. Cheo kilitangulia ujuzi. Mwaka 2016 mchezo uliongezewa mazoezi ya wanaoanza, lakini mazoezi hayo yalifundisha wajibu wa jumla wa mlinzi, mponyaji na mshambuliaji. Kuishi na kichimbakazi mtu alijifunzia vitani.

Ugumu wa pili ulikuwa amri. Mchezaji aliweza kumwacha kichimbakazi atumie uwezo wake wote apendavyo, au kumzuia ili uwezo mkubwa utumike kwa amri tu. Mwanzoni uhuru ulionekana kuwa rahisi. Baadaye mwanafunzi aligundua kwamba kiumbe aliye huru hutumia tiba kubwa kwa mkwaruzo, kisha hana kitu pigo kubwa linapokuja. Ilibidi pia ajue pa kumweka: karibu kiasi cha kuwafikia wenzake, mbali kiasi cha kutofikiwa na moto wa adui.

Ugumu wa tatu, na pengine mkubwa kuliko yote, ulikuwa kujizuia. Mponyaji mgeni akiona uhai wa mlinzi umepungua kidogo hukimbilia kuponya. Lakini kichimbakazi naye yuko mbioni kuliponya jeraha lile lile, na tiba mbili zikiangukia jeraha moja, ya pili imepotea bure. Scholar hodari alijifunza kusoma mambo matatu kwa wakati mmoja: jeraha lina ukubwa gani, kichimbakazi atafanya nini, na pigo lijalo ni lipi. Wenye uzoefu walikwenda mbali zaidi. Kulikuwa na hali iitwayo Cleric Stance iliyoongeza nguvu ya kushambulia na kudhoofisha uponyaji wa bwana. Scholar aliyemwamini kichimbakazi wake aliingia katika hali hiyo na kupigana, huku kiumbe akiwatunza majeruhi. Akikosea kipimo, mlinzi alikufa, na kila mtu alijua nani wa kulaumiwa. Katika kikundi cha watu wanne kulikuwa na mponyaji mmoja tu.

Mabadiliko

Kuanzia mwaka 2015 uhusiano huo ulianza kubadilika. Toleo la Heavensward lilileta uwezo uitwao Dissipation, ambao ulimruhusu Scholar kumtoweka kichimbakazi wake ili yeye apate nguvu zaidi kwa muda. Mwaka 2017, katika Stormblood, Cleric Stance ilipunguzwa makali, na mwaka 2019 ikaondolewa.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuja Julai 2019 na toleo la Shadowbringers. Kichimbakazi hakuweza tena kuumizwa wala kuuawa. Tofauti ya kazi kati ya Eos na Selene ilifutwa, ikabaki ya sura tu. Uwezo wa kiumbe ukawa miongoni mwa vitufe vya kawaida vya mchezaji. Toleo hilo hilo lilimwondolea Scholar kitendo kiitwacho Energy Drain. Wachezaji walilalamika, na kikarudishwa. Mwaka 2024, katika Dawntrail, Scholar wa ngazi ya 100 alipata uwezo wa kuvaa kwa muda umbo la malaika, ambalo hapo awali lilikuwa la kiumbe aliyemwita. Kwa miaka 11 safari imekuwa moja: viumbe wawili wenye utashi tofauti wamesogea kuelekea kuwa mmoja.

Faida na hasara

Si haki kuyaeleza mabadiliko haya kama hasara tupu. Mwanafunzi wa leo hapotezi kikundi kizima kwa sababu kichimbakazi amesimama mahali pabaya. Suala la umbali nalo lina uzito wake. Seva za mchezo huu ziko Japani, Amerika ya Kaskazini, Ulaya na, tangu mwaka 2022, Oceania. Barani Afrika hakuna. Amri ya mchezaji aliye Kampala au Bujumbura husafiri mbali kabla ya kutekelezwa. Kwake yeye, kumhamisha kiumbe kwa wakati hasa unaotakiwa kulikuwa kugumu zaidi kuliko kwa aliye jirani na seva. Ni kweli kwamba uponyaji wa kichimbakazi wa kujiendesha ulimfaa, kwa kuwa haukusubiri amri yake. Lakini ujuzi uliosifiwa zaidi ulikuwa wa amri, na katika ujuzi huo walio mbali waliachwa nyuma.

Wapo pia wanaosema kwamba ugumu umehama tu, haukupotea. Scholar wa leo ana vitendo vingi vya kupanga kwa sekunde, na kuvipanga vizuri ni kazi. Hoja hii ina ukweli. Hata hivyo, kupanga vitendo vyako mwenyewe si sawa na kukadiria mwenendo wa kiumbe mwingine. Ujuzi wa kwanza ni wa kutunza ratiba. Wa pili ni wa kuongoza, kuamini na kuwajibika kwa kosa ambalo hukulitenda kwa mkono wako. Huo wa pili ndio uliopungua.

Hasara hii ina sifa ya pekee kwa mwanahistoria. Toleo jipya linapowekwa, la zamani huondolewa kwa wote siku moja. Anayetaka kuonja kazi ya Scholar ya mwaka 2014 hawezi kuingia katika seva rasmi na kuionja, hata kama anakumbuka kila amri. Zilizobaki ni taarifa za marekebisho, picha za video na kumbukumbu za waliocheza. Ndani ya masimulizi ya mchezo, elimu ya Scholar yenyewe inatoka Nym, mji wa kale uliokwisha kuangamia, na wanaoirithi hulazimika kuikusanya kutoka katika mabaki. Wachezaji wa mwaka 2013 sasa wako katika hali inayofanana na hiyo.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kazi moja ndani ya mchezo mmoja ina chimbuko, mabadiliko, walionufaika na kilichopotea, na hivyo inastahili kuchunguzwa kama historia nyingine yoyote. Imeonyesha pia kwamba uamuzi wa kampuni moja unaweza kuufuta ujuzi ambao watu waliujenga kwa miaka, hata kama uamuzi huo una nia njema. Ninapendekeza wanafunzi wa historia waanze kukusanya masimulizi ya wachezaji wa zamani kwa njia zile zile tunazotumia kukusanya masimulizi ya wazee: kuuliza mtu alifanya nini, alijifunza kwa nani, na ni lini aligundua kwamba alichokijua hakitumiki tena. Kazi hiyo ifanyike mapema, kwa kuwa taarifa za marekebisho hutuambia tu kilichobadilishwa, na wanaoweza kutueleza jinsi kilivyofanyika ni waliokifanya.