Paa, Dirisha na Sauti: Vyumba vya Muziki vya Shule za Busia na Tororo

Historia ya vyumba vya muziki katika shule za Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni, kwa sehemu kubwa, historia ya paa. Mwaka 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande ambao leo ni Kenya, Wasamia na Wateso waligawanywa na mpaka, lakini madarasa ya misheni yaliyofuata pande zote mbili yalijengwa kwa udongo na nyasi, na darasa lilelile ndilo lililotumiwa na kwaya. Nyasi hunyonya sauti, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati ya mabua huyapunguzia mawimbi nguvu. Mabati, plasta na sakafu ya saruji, vilivyoenea baada ya reli ya Nakuru, Eldoret na Tororo kufika Kampala mwaka 1931, huirudisha sauti hiyo.

Tabia hiyo ilipimwa kwanza na Wallace Sabine wa Harvard, aliyeanza kazi yake mwaka 1895. Sabine alipima mvumo, yaani muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60 baada ya chanzo chake kunyamaza, na akachukua dirisha lililo wazi kuwa kipimo cha unyonyaji, maana sauti ipitayo dirishani hairudi. Kwa kanuni yake, darasa la meta 8 kwa 6 lenye kimo cha meta 3, likiwa tupu na unyonyaji wake ukilingana na meta 8 za mraba za dirisha wazi, huvuma karibu sekunde 3, muda unaoyachanganya maneno ya wimbo. Wakiingia wanafunzi 40, kila mmoja akinyonya takriban meta 0.4 za mraba, mvumo hushuka hadi sekunde 1. Na kwa kuwa dirisha wazi hunyonya sauti, darasa lisilo na vioo, ambalo mkaguzi angeliona duni, lilisikika vizuri kuliko ukumbi uliofungwa kwa vioo.

Hata hivyo, mvua ndiyo iliyoushinda mpango wowote wa kurekebisha sauti. Matone yanapopiga mabati yasiyo na dari, akogo ya Wateso, ambayo vipande vyake vya chuma hupigwa kwa vidole gumba na sauti yake ni ndogo, humezwa kabisa, huku ngoma ikiendelea kusikika; somo hugeuka likawa la midundo mpaka mawingu yapite.