Mashine iliyoona pumu ni kinga

Juma hili siasa nimeziweka kando. Nataka turudi nyuma hadi miaka ya katikati ya 1990, katika mji wa Pittsburgh nchini Marekani, kwa sababu yaliyotokea kule yanahusu kitanda ambacho mimi au wewe tunaweza kulazwa kesho.

Watafiti wa kule walikuwa na swali ambalo kila daktari wa zamu analijua. Mgonjwa amekuja na nimonia. Je, alazwe, au apewe dawa akajiuguze nyumbani? Kulaza ni gharama, lakini ukimrudisha asiyestahili kurudi, huenda usimwone tena. Basi wakachukua kumbukumbu za wagonjwa wa zamani zaidi ya 14,000, wakazifundishia kompyuta, ili ikiletewa mgonjwa mpya ikadirie hatari yake ya kufa. Walijaribu mbinu kadhaa. Iliyoshinda kwa usahihi ni ile inayoiga mishipa ya fahamu ya ubongo, ambayo ndiyo mzazi wa hii akili bandia, au akili mnemba, tunayoisikia kila siku.

Mbinu nyingine ilishindwa, lakini ilikuwa na sifa moja: kanuni ilizojifunza zilisomeka. Wakazisoma. Moja ilisema kwamba mgonjwa wa nimonia akiwa na pumu, hatari yake ya kufa ni ndogo kuliko ya mwenzake asiye na pumu.

Mimi nina shangazi mwenye pumu tangu utotoni. Kikohozi kikimwingia, nyumba nzima hailali. Leo mashine iseme huyo ndiye wa kupewa vidonge arudi nyumbani!

Na hesabu haikuwa na kosa. Katika kumbukumbu zile, wenye pumu walikufa wachache kweli. Sababu ni kwamba mwenye pumu akifika na nimonia hakuna anayesubiri. Alikuwa anapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, akaangaliwa kwa karibu, akapona. Aliyemwokoa ni daktari na muuguzi. Mashine ikadhani ni pumu. Ingeachiwa kuamua nani alazwe, ingemnyang'anya mgonjwa kile kile kilichokuwa kikimwokoa.

Faili la shangazi yangu nimewahi kuliona. Limeandikwa pumu, limeandikwa dawa, limeandikwa ameruhusiwa. Muuguzi aliyekesha pembeni mwa kitanda chake usiku ule hayumo.

Ile mbinu iliyoshinda ilifundishwa kwa kumbukumbu hizo hizo, ila yenyewe haisomeki. Kosa la pumu lilikuwa limeshajulikana, lingeweza kurekebishwa. Kilichowatisha watafiti ni makosa mengine ambayo hawakuyaona. Wakaiweka kando bingwa yao, wakatumia hesabu ya zamani, ya kitakwimu, ambayo mtu anaweza kuifuata kwa macho. Mmoja wao, Rich Caruana, aliirudia habari hiyo katika maandishi ya mwaka 2015, na nawasifu kwa kutoificha.

Waliotangulia walilifikiria jambo hili. Katika miaka ya 1970, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN, ya kushauri dawa za maambukizi ya damu na uti wa mgongo. Daktari aliweza kuiuliza "kwa nini?" nayo ikamwonyesha kanuni iliyoifuata. Hata hivyo haikuingia wodini kutibu. Miongoni mwa maswali yaliyoikwamisha ni hili: ikikosea, nani atawajibika?

Msidhani hayo ni ya kale. Mwaka 2019 watafiti walifichua programu iliyokuwa ikitumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa huduma ya ziada. Ilipima ugonjwa kwa fedha zilizotumika kumtibu mtu. Kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo, mashine iliwaona wana afya kuliko walivyokuwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kompyuta inaweza kusoma picha za eksirei ya kifua kutafuta kifua kikuu, hata mahali pasipo na mtaalamu wa kuzisoma. Mimi siipingi. Nchi zetu zina uhaba wa wataalamu hao, na picha inayosubiri kusomwa ni mgonjwa anayeendelea kuambukiza wenzake. Lakini pendekezo lile ni kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Mtoto wa miaka sita hamo. Kwa hiyo mashine ikifungwa katika hospitali ya wilaya yako, uliza imejifunza kwa vifua vya akina nani, na jina la daktari gani litaandikwa chini ya jibu lake.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.