Bia za krafti si kitu kipya, muulize kukhu

Wasee, orodha za bia za krafti hapa Nairobi zimekuwa nyingi. Onja hii IPA, jaribu hii stauti, hii ya ngano inaenda vizuri na kuku. Mimi mwenyewe huziandika na sitaacha leo. Lakini kuna kitu kwenye hizo orodha kinanikera: zote zinaongea kana kwamba bia ya kupikwa kidogo kidogo, na mtu unayemjua kwa jina, ilishuka JKIA na ndege juzi juzi tu. Zii. Ilikuwa hapa kitambo sana. Kilichofanyika ni kwamba ilipigwa marufuku, tukasahau, halafu ikaturudia ikiwa na lebo poa na bei ya kushtua.

Kama hujafika miaka 18, soma hii kama historia peke yake. Sheria ni sheria, na hii story yenyewe ni ya sheria.

Tuanze na jikoni. Busaa haipikwi ovyo ovyo. Unga wa mahindi unalowekwa hadi uchachuke, kisha unakaangwa juu ya bati lenye moto mpaka unukie. Halafu unachanganywa na maji na kimea cha wimbi, yaani wimbi iliyooteshwa ikakaushwa, na kuachwa siku kadhaa ifanye kazi yake. Ukatikati, muratina inatumia asali au maji ya miwa pamoja na tunda la mti wa muratina, lile refu linakaa kama soseji. Pwani kuna mnazi, unaogemwa juu ya mti asubuhi na jioni. Kila sehemu ilikuwa na nafaka yake au mti wake, na kila mpishi alikuwa na mkono wake. Kama hiyo si krafti, niambie krafti ni nini.

Na watu walikuwa wakizijadili kama sisi. Kiswahili kina methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hiyo methali ni onyo kwa wale wote wanaosifu vinywaji, mimi nikiwa wa kwanza. Tembo hapo ni pombe ya mnazi, si mnyama.

Mnyama naye alikuja na chupa. Mwaka wa 1922 ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries pale Ruaraka. Mzigo wa kwanza ulikuwa makreti kumi, na ulipelekwa Stanley Hotel mwezi wa Desemba mwaka huo. Mwaka wa 1923 George aliuawa na ndovu akiwinda, na laga yao ikapewa jina Tusker kumkumbuka. Hii sehemu wengi mnaijua, inasimuliwa kila mahali.

Ile haisimuliwi sana ni hii: Mwafrika hakuruhusiwa kuinywa. Chini ya sheria za mkoloni, bia ya chupa ilikuwa ya Wazungu, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 1947. Piga hesabu. Kwa miaka 25 mtu mweusi angeweza kubeba kreti, kuosha glasi na kumwagia Mzungu kinywaji, lakini kunywa, hapana. Leo chupa hiyo ina maneno "Bia Yangu, Nchi Yangu". Mimi sina ubaya nayo, hata huwa nainywa. Lakini wakati inaanza haikuwa bia yangu, na nchi pia haikuwa yangu.

Sasa Mwafrika wa Nairobi alikunywa nini? Serikali ya mji ilikuwa imeiba mbinu kutoka Durban, Afrika Kusini, ambako sheria ya 1908 iliipa manispaa haki ya kupika na kuuza pombe ya Waafrika peke yake. Mapema miaka ya 1920 Nairobi ikafanya vivyo hivyo Pumwani: ukumbi wa pombe wa manispaa, na yeyote mwingine aliyepika ni mhalifu. Pombe ilikuwa ile ile ya nafaka. Tofauti ilikuwa nani anaweka pesa mfukoni. Na wale waliopoteza soko walikuwa hasa wanawake, kwa sababu kwa mwanamke mjini wakati huo, kazi za kujipatia pesa yake mwenyewe zilikuwa za kuhesabu na kupika pombe ilikuwa mojawapo. Hawakuacha. Walijificha tu.

Uhuru ulikuja 1963 na ungedhani hapo mambo yangegeuka. Hebu niwaonyeshe siku moja ambayo huwa siitoi kichwani: tarehe 14 Oktoba 1978.

Siku hiyo huko Marekani, ambako hili neno krafti lilipatia nguvu zake, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyowaruhusu raia kupika bia nyumbani bila kulipa ushuru, takriban lita 380 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja. Wakati huo nchi nzima ya Marekani ilikuwa imebaki na viwanda vya bia visivyofika mia, vingi vikitoa laga zinazofanana kama mapacha. Baada ya sheria hiyo, watu walijifunza kwenye sufuria zao bila kuogopa kugongewa mlango, na baadhi yao wakafungua viwanda. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya kupikia bia nyumbani katika mji wa Chico, California, alianza kupika bia za Sierra Nevada mwaka wa 1980. Leo Marekani ina viwanda zaidi ya elfu tisa. Hiyo mibia yote tunaiga, na zile IPA chungu za hopsi, zimetoka kwa watu walioruhusiwa kujaribu na kukosea nyumbani kwao.

Siku hiyo hiyo hapa Nairobi, Daniel arap Moi aliapishwa kuwa rais wa pili wa Kenya. Muda si mrefu serikali yake ikafunga vilabu vya busaa. Na mwaka wa 1980, ule ule ambao Grossman alikuwa anawasha majiko yake, Kenya ikapata sheria ya kupiga marufuku chang'aa.

Hapa ndipo historia inaingia kwetu nyumbani. Kukhu wangu alikuwa akipika busaa Bungoma miaka hiyo ya themanini. Mitungi ilikaa katikati ya shamba la mahindi, na mahindi yakivunwa ilihamia shimoni. Askari walikuja, wakamwaga, wakamchukua, akalala ndani siku mbili. Alipotoka akaloweka unga tena, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Babangu alisoma kwa hiyo pesa. Kukhu mpaka leo akisimulia huwa anapunguza sauti, na hakuna anayemtafuta. Yule jamaa wa Chico anaitwa mwanzilishi. Kukhu ana rekodi ya polisi. Wote wawili walikuwa wanajua kuotesha nafaka.

Kuna mtu ataniambia, "Buda, lakini pombe za mtaani zinaua." Ni kweli, na sitaki kuifunika. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa hapa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli, kemikali ya viwandani ambayo hupofusha macho kabla ya kuua. Mei 2014 wengine kwa makumi wakafa, Embu na sehemu nyingine. Lakini tutenganishe mambo. Busaa inachachuka, kama bia. Chang'aa inachemshwa na mvuke wake kukusanywa, na ndiyo watu wenye tamaa hupenda kuongeza kemikali ili ipige haraka. Marufuku iliziweka zote kwenye gunia moja, ikazisukuma gizani. Na gizani huwezi kujua nani anapika kwa mkono safi na nani anauza sumu.

Serikali nayo iliona. Mwaka wa 2004 Senator Keg iliingia sokoni ikiwa imesamehewa ushuru ili iwe ya bei rahisi kuliko hatari. Mwaka wa 2010 ikaja sheria tunayoiita ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Wengi tunaikumbuka kwa masaa ya baa, lakini pia ilifuta ile marufuku ya chang'aa na kuhalalisha pombe za kienyeji, mradi mpishi awe na leseni na afikishe viwango. Kwa karatasi, kukhu sasa angeruhusiwa. Kwa ukweli, leseni, vipimo na chupa vinahitaji pesa ambazo mama pima hana. Mwenye mtaji ndiye aliingia kwa mlango huo.

Ndiyo maana Brew Bistro, 254 na Bateleur nawapa heshima zao: kupika bia tofauti kwa nchi iliyozoea laga moja si mchezo. Lakini orodha yangu itaanza kukaa tofauti. Kama umezoea laga, anza na bia ya ngano. Ile harufu ya ndizi na karafuu ni kazi ya hamira peke yake, hakuna ndizi imewekwa. Kisha tafuta stauti, usikie kimea kilichokaangwa, ukumbuke ule unga juu ya bati. Mwisho tafuta bia chachu, zile ambazo bei yake inatosha kununua keg vikombe kadhaa mtaani. Ukiinywa na kusema "hii ni kitu mpya kabisa", ni kwa sababu hukuwahi kuonja busaa. Uchachu ni ule ule, bakteria ni wale wale wa maziwa mala.

Halafu muulize mwenye baa maswali mawili. Mbona hakuna ya wimbi? Na nani alikufundisha? Siku moja nataka jibu la swali la pili liwe jina la mama fulani wa Bungoma, Murang'a au Kilifi, limeandikwa kwenye chupa, na yeye analipwa kila ikifunguliwa.

Mpaka hiyo siku, tukisema tumegundua bia za krafti, tuseme kwa sauti ya chini. Wenye kazi bado wako hai, na wengine wao bado wanaficha mitungi.